Maji Manne ya Mrututu

Siku ile tulikuwepo hawa: Mwalimu Mkuu Ngwele, aliyesomea jiografia, Mzee Mkumba, mwenyekiti wa bodi ya shule, muuza samaki mstaafu, Mwalimu Matimbwa wa kemia, kijana wa Dar mwenye miezi mitano kazini, wanafunzi saba wa kidato cha nne waliothubutu kusoma kemia, yaani Hamisi, Asha, Bakari, Jumanne, Salma, Idrisa na Mwanahawa, mlinzi Mzee Athumani, aliyeitwa ashike mlango ingawa hakuna aliyetaka kutoka, mbuzi wa Mzee Athumani, na mimi, Somoe, mtunza maabara. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja ana namna yake ya kulisimulia jambo hili hapa Kibiti, na wapo ambao hawakuwepo kabisa lakini wanalisimulia vizuri kuliko sisi. Mbuzi peke yake ndiye aliyenyamaza.

Kesi ilikuwa ya maji. Wanafunzi sita walishtakiwa kwa kupata maji manne mahali ambapo kitabu kinasema yapo matano.

Ninyi mnaoingia maabara siku hizi na simu mfukoni, mtaniwia radhi nikianza na misumari, maana mimi kemia niliingilia mlango huo. Niliacha shule darasa la sita. Baba alifariki, mama akamfuata baada ya mwaka mmoja, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu ambao kila jioni walitaka kula. Nikapata kazi dukani kwa Mzee Shomari, pale sokoni, nikakaa miaka tisa. Mzee Shomari aliuza misumari ya bati, na vile vifuniko vya mpira vinavyovaliwa na msumari ili mvua isipite. Siku moja gunia la misumari na gunia la vifuniko vilipasukiana juu ya lori, vikafika vimechanganyika. Akaniuliza, "Somoe, humu kila msumari una vifuniko vingapi?" Nikataka kuanza kuhesabu. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, utazeeka. Tenganisha, kisha pima."

Tukapima misumari peke yake, tukagawa kwa uzito wa msumari mmoja. Tukapima vifuniko peke yake, tukagawa kwa uzito wa kifuniko kimoja. Tukapata idadi mbili bila kuhesabu hata kimoja, tukazilinganisha. Miaka mingi baadaye, nikiwa nafuta vumbi nyuma ya darasa la kemia, nikamsikia mwalimu akiwafundisha watoto namna ya kupata fomula kutokana na uzito, na watoto wanatoka jasho. Nikashangaa sana. Nikasema moyoni, kumbe hii ni ile ya Mzee Shomari!

Mrututu mnaujua, yale mawe ya buluu yanayouzwa na wauza dawa. Ule ubuluu umeshika maji ndani yake. Ukiuchoma polepole unakuwa unga mweupe, na uzito unapungua. Kilichopungua ni maji. Unagawa uzito wa unga mweupe kwa 160, ndio uzito wa msumari wake, unagawa uzito wa maji kwa 18, ndio uzito wa kifuniko, unalinganisha. Ukianza na gramu 2.50 za buluu, unabaki na 1.60 za nyeupe, na maji yaliyokwenda ni 0.90. Sehemu moja ya unga kwa sehemu tano za maji. Msumari mmoja, vifuniko vitano. Basi. Mengine ni maneno ya kutisha watu.

Aliyenifundisha mikono ya kazi ni Mzee Mbonde, mtunza maabara wa kabla yangu. Wiki yangu ya kwanza nilitaka anione mchapakazi. Aliposafiri kwenda mazishini Nyamwage, nikaosha chupa zote za kabatini kwa sabuni na maji ya moto, zikang'aa kama vikombe vya harusi. Na karatasi za majina zikabanduka zote. Mzee Mbonde akarudi, akafungua kabati, akakuta unga mweupe chupa thelathini na moja zisizojulikana.

Hakunigombeza. Akasema tu, "Somoe, umeosha mpaka majina yao."

Tulitumia miezi miwili kuyatafuta majina. Hiki kinayeyuka, kile hakiyeyuki; hiki kikimwagiwa asidi kinatoa povu, kile kimetulia; hiki kwenye moto kinatoa mwali wa njano. Mwalimu mmoja alipendekeza tuonje. Mzee Mbonde alimpa kijiko akamwambia aanze yeye. Miezi ile miwili ndiyo iliyokuwa chuo changu. Chupa moja hatukuitambua mpaka leo. Iliandikwa "Mgeni" na naambiwa bado ipo.

Kwa Mzee Mbonde nilipata na haya, yachukueni bure. Kikombe cha kauri pima kwanza kikiwa kitupu. Usikishike kwa vidole, jasho lina uzito; tumia koleo. Usipime kitu cha moto, kwa sababu hewa ya moto inapanda na kukiinua, mizani inasoma pungufu. Acha kipoe kimefunikwa, hasa masika, maana hewa yetu huku imejaa maji, na unga mweupe ukiachwa wazi unaanza kurudia ubuluu wake mbele ya macho yako. Zima feni. Choma, poza, pima. Choma tena, poza, pima. Mpaka uzito ugome kubadilika mara mbili. Na andika ulichokiona. Usiandike ulichokitaka.

Hilo la mwisho ndilo lililotupeleka kesini.

Mwanahawa alikuwa binti wa mdogo wangu Zubeda. Zubeda na mumewe waliishi kisiwani huko delta, wakikata mikoko na kuvua kamba, na msichana alikuja kukaa kwangu ili asome. Nyumbani aliniita Mamkubwa, shuleni aliniita Bi Somoe, na akichanganya wenzake walimcheka wiki nzima. Baba yake alimkubalia shule kwa shingo upande. Alishanitumia maneno: "Mwaka huu akirudi nyumbani kwa sababu yoyote, hatoki tena. Nina kazi huku." Nilikuwa nimeshaapa zamani kwamba darasa la sita langu litoshe kwa ukoo mzima.

Mwalimu Matimbwa alipowapa jaribio la mrututu mara ya kwanza, darasa zima lilipata maji manne. Akasema, "Hamjachoma vya kutosha. Maji mengine yamebaki ndani." Ni kweli, ndivyo inavyokuwa, hata walimu waliomtangulia walikuwa wakisema hivyo hivyo kila mwaka. Basi safari ya pili watoto wakachoma kwa hasira. Wakapepea jiko la mkaa kama wanachoma mahindi. Mrututu ukawa mweupe, ukapitiliza, ukaanza kuwa mweusi, moshi wa kukaba koo ukajaa, tukatoka nje wote tukikohoa. Bakari alipata maji tisa. Alifurahi sana, alidhani ameshinda.

Safari ya tatu walichoma kwa adabu, kama nilivyofundishwa na Mzee Mbonde, mpaka uzito ukagoma kubadilika. Manne. Asha manne, Bakari manne, Jumanne manne, Salma, Idrisa, Mwanahawa manne. Hamisi peke yake, kiranja, alipata matano kamili, nambari zake zimenyooka kama za kitabuni.

Mwalimu Mkuu alipoona madaftari alifanya hesabu ya kwake. Sita wana jibu moja lenye kosa moja: wamenakiliana. Mmoja ana jibu la peke yake na ni sahihi: huyo mwaminifu. Hamisi akapigiwa makofi mstarini, akapewa mpira mpya wa miguu. Sita wakaambiwa watasimamishwa masomo mpaka mwisho wa muhula, bodi ikikubali.

Nilimkuta Mwanahawa nyumbani anapepeta mchele ambao tayari ulikuwa safi.

"Mamkubwa, mimi sikuangalia kwa mtu."

"Najua."

"Hamisi aliniambia niandike matano yaishe. Nikamwambia mizani yangu haikusema matano. Sasa yeye ana mpira, mimi naenda kukata mikoko."

"Huendi kokote."

"Utafanya nini? Kwani wewe ni bodi?"

Asubuhi nilimfuata Mwalimu Matimbwa nikamwambia, mwalimu, kabla ya bodi kuamua, jaribio lifanyike mbele yao. Yeye mwenyewe alikuwa amekonda, maana walishaanza kusema hajui kufundisha. Akasema, "Poa, Bi Somoe. Tukiumbuka, tuumbuke wote."

Hivyo ndivyo tulivyojikuta maabara wale niliowataja mwanzo. Mzee Mkumba alikalishwa kiti cha mbele, kofia yake magotini.

"Nielezeni kwanza," akasema. "Hayo maji yako wapi?"

"Ndani ya mrututu, mzee," alisema Mwalimu Matimbwa.

Mzee Mkumba alichukua jiwe moja, akaligonga mezani. Ko, ko, ko. "Hili?"

"Ndiyo."

"Limekauka kuliko koo langu."

"Maji yamefungwa ndani, mzee. Ndiyo hayo matano."

"Matano nini? Ndoo? Vikombe?"

"Matano tu, mzee. Kwa kila kimoja."

Mzee Mkumba akamgeukia Mwalimu Mkuu. "Kwa hiyo watoto wanafukuzwa kwa kutofautiana idadi ya maji yasiyoonekana, ndani ya jiwe kavu, na hamjui ni ndoo au vikombe." Mwalimu Mkuu akasema suala ni nidhamu. Mzee Mkumba akasema, "Haya bwana. Pimeni."

Kupima ilikuwa kazi yangu. Mizani yetu ya umeme ilikuwa moja, na wanafunzi wakiigombania kipindi kinaisha, kwa hiyo siku zote mimi niliwapimia mapema, nikafunga kila fungu katika kikaratasi kama cha bizari na kuandika juu yake 2.50. Wao walipima tu kilichobaki baada ya kuchoma. Mafungu ya siku ile nilishayafunga asubuhi. Lakini Mwalimu Mkuu alitaka lifungwe jipya, aone kwa macho yake.

Nikaweka karatasi juu ya mizani, nikairudisha sifuri. Nikatia mrututu kidogo kidogo mpaka ikasoma 2.50. Nikawaonyesha. Wote wakaitikia kwa vichwa. Nikaiondoa karatasi, nikaandika, nikafunga, nikamkabidhi mwalimu.

Mzee Mkumba akapiga goti lake kwa kiganja. "Mashallah! Mmeona? Huyu mama kalelewa. Katoa na nyongeza!"

Wote wakanigeukia.

"Katoa nini?" aliuliza Mwalimu Matimbwa.

"Nyongeza. Ncha ya kijiko, kabla ya kufunga. Nimeuza samaki miaka arobaini, huoni mkono huo siku hizi. Vijana wa sasa wanakupimia mpaka na kidole chao."

Mwalimu Matimbwa akanitazama. "Bi Somoe, umeongeza kitu?"

Nikasema hapana. Wallahi nilisema hapana, na nilikuwa nasema kweli yangu. Kisha nikautazama mkono wangu wa kulia. Kijiko kilikuwa bado mkononi, na nchani mwake kulikuwa na vumbi la buluu.

Wanangu, miaka tisa dukani si mchezo. Mzee Shomari aliwaogopa wapunjaji kuliko alivyoogopa moto. Kila tulichopima, sukari, mchele, misumari, mizani ikishatulia sawasawa tuliongeza kidogo kabla ya kufunga, ili kesho kiyama mtu asisimame na kutudai punje. Mkono wangu ulijifunza hilo nikiwa na miaka kumi na minne. Niliacha duka, mkono haukuacha. Mizani ikisema sawa, mimi naona nimeiba.

Mwalimu Matimbwa akalirudisha fungu kwenye mizani. 2.70. Akafungua mafungu yangu ya asubuhi, moja baada ya jingine. 2.70. 2.69. 2.70. 2.71. 2.70.

"Hebu tazama mkono huo," alisema Mzee Mkumba kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini. "Ungetajirisha soko zima."

"Mzee, hili ni kosa!" Mwalimu Mkuu alifoka.

"Kosa? Mlitaka apunje?"

"Tulitaka apime sawasawa!"

"Kupima sawasawa ni kujikinga wewe. Nyongeza ndiyo ya mteja."

"Hawa si wateja! Ni wanafunzi!"

"Kwani wanafunzi hawana haki?"

Wakabishana hivyo robo saa, mmoja akitetea kemia na mwingine akitetea akhera, huku Mwanahawa na wenzake wakichoma lile fungu. Likapoa, limefunikwa, feni imezimwa. Wakapima: 1.73. Wakachoma tena, wakapoza, wakapima: 1.73. Mwalimu Matimbwa akaandika ubaoni. Ukianza na 2.50, maji ni 0.77, gawa, linganisha: manne. Ukianza na 2.70, ambayo ndiyo iliyokuwemo kweli, maji ni 0.97, gawa, linganisha: matano.

Watoto sita walikuwa wamesoma mizani vizuri, wamegawa vizuri, wamepata manne kihalali kabisa. Maji ya tano niliyafunika mimi, kwa ukarimu.

Mwalimu Matimbwa akageuka taratibu. "Hamisi. Wewe ulibakiwa na 1.60 kutoka kwenye fungu la Bi Somoe. Iliwezekanaje?"

Hamisi alisimama, akatazama viatu. "Nilipata manne, mwalimu. Nilidhani mimi ndiye mbovu. Nikaandika ya kitabuni." Machozi yakamtoka. "Na mpira wenyewe sichezi. Niliuficha."

Hakuna aliyemcheka. Asha alimpa leso.

Mwalimu Mkuu akavua miwani. "Bi Somoe, unajua naweza kukuandikia ufukuzwe kazi?"

Nikasema, "Andika, mwalimu. Kosa ni langu, lina jina langu. Ila kwanza futa majina ya hawa, nikiona."

Akanitazama, akamtazama mwenyekiti wa bodi. Mzee Mkumba akavaa kofia. "Watoto warudi darasani. Na mama huyu akifukuzwa, mimi namchukua sokoni leo hii." Mwalimu Mkuu akachukua kalamu, akafuta majina sita mbele yangu, moja moja, mpaka la Mwanahawa wa Zubeda. Mimi nilipewa barua ya onyo ambayo ninayo hadi leo, maana sidhani kama kuna nyingine kama hiyo nchini: ninaonywa vikali kwa kosa la kutoa zaidi.

Tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu nilipima nikiwa nimekalia mkono wa kulia. Nilijifunza kupima kwa kushoto, ambao haukufanya kazi dukani na hauna huruma.

Mwanahawa alifanya mtihani wake, akafaulu, sasa anapima dawa hospitalini. Lakini jioni ile ya kesi hakufurahi kama nilivyotaraji. Alipomaliza kula akauliza, "Mamkubwa, mizani ile ililetwa lini?"

"Miaka mitatu iliyopita."

"Na miaka hiyo yote uliwapimia wewe?"

Nikaelewa anakokwenda. Kabla yao yalipita madarasa matatu. Wote walipata manne. Wote waliambiwa hawajui kuchoma. Wengine walipunguziwa alama, wengine waliacha kemia wakaamini kwamba haikuumbiwa watu kama wao. Nikaenda ofisini nikanakili majina: kumi na tisa.

Nikaanza kuwatafuta. Siku za mapumziko nilipanda basi, nikapanda bodaboda, nikauliza. Wa kwanza nilimpata kituoni Nyamwage anauza korosho kwa wasafiri. Nikamshika bega. "Mwanangu, maji yako manne yalikuwa sahihi!" Akanitazama kwa huruma, akanipa korosho, akaniambia nikae kivulini. Mwingine alikuwa fundi simu pale Kibiti. Alinisikiliza mpaka mwisho akauliza kama simu yangu ina tatizo. Mmoja alikuwa bwana harusi, nikamwambia getini, akaingia akicheka kwa mkewe. Mmoja alikaa chini palepale barabarani, akasema, "Mama, unajua baba alinipiga kwa ajili ya yale maji?" Huyo nilikaa naye mpaka alasiri.

Kumi na wanane wameshasikia kutoka kinywani mwangu.

Aliyebaki ni msichana aitwaye Tatu. Tatu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote katika miaka ile mitatu; alichoma mara tano, akapata manne mara tano, akagoma kuandika tofauti. Mwalimu wa wakati ule akamwita mkaidi mbele ya darasa. Tatu akafunga daftari, akaondoka, hakurudi shule tena. Mimi nilikuwa nyuma nafuta vumbi, nikamwona anatoka.

Yuko Ngorongo, analima. Mwezi uliopita nilifika kwake. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba na rundo la maboga, mtoto mgongoni. Hakunitambua. Shikamoo, marahaba, habari za safari. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Kibiti, yote yalikuwepo kinywani.

"Mama, umekuja kwa jambo?" akauliza.

Nikayatazama maboga. "Nimekuja kununua maboga," nikasema.

Akanichagulia matatu makubwa, akanisaidia kuyafunga nyuma ya bodaboda, akaniambia nisimwache dereva akimbie, njia ni mbaya. Nikarudi nimeyakumbatia njia nzima.

Mawili nimeshakula. La tatu lipo jikoni, na Tatu bado anajua kwamba yeye ndiye aliyekosea.